Maswali ya wasomaji: Bukini wanazunguka juu ya dikoi zangu halafu wanatua kwa jirani

Msimu wa bukini ukikaribia sanduku la maswali linafura, na karibu kila mtu anauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: nimenunua bata bandia, hizi dikoi, mbona ndege hawashuki? Nimechagua machache, nimeyafupisha kidogo, majina nimeyaacha. Mliobaki msinune, tutaonana toleo lijalo.

Shikamoo anko. Naishi Rochester, Minnesota, na kazini kuna mzee mmoja wa hukuhuku ndo kanifundisha kuwinda, mwaka jana nikaamua nijitegemee. Nikanunua dikoi dazeni nne za mwili mzima kwenye ofa, mwenye shamba akaturuhusu, shamba la mahindi lililokwisha vunwa, mi na shemeji tukaenda kupanga saa tisa usiku ili tusichelewe. Tukazipanga vizuri kwa mistari, tukalala kwenye maficho yetu, yale ya dukani unayolala ndani, mbele yake. Kulipokucha bukini wakaja kweli, makundi kwa makundi, wanazunguka mara mbili, wanashuka mpaka unaona miguu, halafu wakibakiza kama yadi mia wanapandisha ghafla na kwenda kutua shamba la jirani ambako hakuna hata dikoi moja! Ilikuwa asubuhi ile ya kwanza ya baridi kali. Shemeji anasema nipulize filimbi ya kuwaitia bukini kwa nguvu zaidi, mi naona tuongeze dikoi. Nani yuko sawa?

Marahaba mwanangu. Hakuna aliye sawa, ila msigombane, maana barua yako yenyewe ina majibu yote, umeyaandika bila kujua.

Anza na hilo shamba la jirani. Kwa nini walitua kule ambako hakuna dikoi? Kwa sababu jana yake walikula kule. Bukini ni ndege wa mazoea, akipata shamba lenye punje za kutosha na hakuna aliyemsumbua atarudi palepale, sio shamba lilelile tu, pembe ileile ya shamba, mpaka chakula kiishe au ashtuliwe. Kwa hiyo kazi ya kuwinda bukini inaanza jioni kabla ya siku yenyewe, kwenye gari, na darubini, unawafuata wanapotoka ziwani, unaona wametua wapi, unangoja mpaka giza liwaondoe, afu ndo unaenda kugonga mlango wa mwenye shamba HILO. Kesho yake ukiingia usiku na tochi tafuta vinyesi vibichi na manyoya, ukivikuta vimejaa chini hapo ndo unaweka dikoi zako, sio hatua mia kushoto kwa sababu kushoto kuna nyasi nzuri za kujificha. Watu wengi wanafanya kama nyie, wanapata ruhusa kwanza popote wanapoipata halafu wanatarajia plastiki iwabebe. Dikoi haziwezi kumbadilisha bukini nia. Zinamwonyesha yule ambaye tayari anataka kuja mahali gani pa kukanyaga, basi.

Na we upo Rochester penyewe bana! Hapo hapo Silver Lake, mwaka 1962, ndo mtaalamu Harold Hanson aligundua kwamba bukini wakubwa wa Kanada, ile jamii ambayo vitabu vilikuwa vimeshaizika kwamba imekwisha duniani, walikuwa wanaogelea katikati ya mji, maji hayagandi kwa sababu ya kituo cha umeme, watu wanawarushia mikate. Kwa hiyo usiniambie hujui ndege wanalala wapi.

Sasa twende kwenye lile la yadi mia, maana kuna wengine walikuwa wameshakubali kushuka wakaghairi. Hapo kuna vitu vitatu, na cha kwanza nina hakika nacho kabisa: mlipanga saa tisa usiku, asubuhi ya baridi kali. Kufika saa kumi na mbili kila dikoi ilikuwa na jalidi mgongoni, ule unga mweupe wa barafu. Bukini aliye hai ana joto mwilini, mgongo wake haushiki jalidi namna ile. Ndege anatazama kutoka juu anaona wenzake arobaini na nane wote wana migongo inayometameta, we ungeshuka? Siku za namna hiyo acha dikoi kwenye mifuko mpaka dakika za mwisho, au beba brashi laini ya mkono na mzipitie moja moja kabla ya kuingia mafichoni, na mkiona umande badala ya barafu ni vilevile, maji yanang'aa. Wengine wananunua zenye vichwa vya manyoyamanyoya kama mahameli, zinasaidia kuua mng'ao, lakini jalidi haichagui.

Cha pili mistari. Mmezipanga kama gwaride la Saba Saba. Bukini shambani wanatembea kifamilia, baba mama na watoto wao wa mwaka huu, watano hapa, saba pale, mmoja kajitenga anakula peke yake. Weka vikundi hivyo, kati ya dikoi na dikoi acha hatua mbili au tatu, maana bukini wakibanana na kunyanyua shingo wote kwa pamoja ujue wanajiandaa kuruka, na ndege aliye juu anaijua hiyo picha kuliko wewe. Kwenye dazeni moja vichwa viwili au vitatu tu viwe juu, walinzi, vilivyobaki viwe chini vinakula. Wengi waangalie upepo unakotoka lakini sio wote kwa nyuzi zilezile, mgeuze mmoja huku mwingine kule, mtu anayekula hatembei na rula.

Cha tatu ndo kikubwa, nafasi ya kutua na nyie mlipolala. Bukini anatua akiwa anauelekea upepo, kama ndege ya abiria, hilo halina mjadala. Na hapendi kupita chini chini juu ya vichwa vya wenzake wanaokula ili atue mbele yao. Kwa hiyo dikoi nyingi ziwe upande upepo unakotoka, halafu mikono miwili ishuke kama herufi U, au mmoja mrefu mmoja mfupi kama J, mdomo wa hiyo herufi uelekee kule upepo unakokwenda, watu wa pwani wangesema demani. Katikati hapo acha uwanja mtupu wa kutosha kundi zima kutandaza mabawa. Uwanja huo ndo uwe yadi 20 hadi 25 kutoka kwenye mtutu wako. Pima kwa hatua usiku uleule, maana ukishalala chini macho yanadanganya sana, bukini mkubwa wa yadi 60 anaonekana yupo kifuani, na ukipiga pale unajeruhi tu. Mjaze dikoi zote bila uwanja, watatua pembeni kabisa mwa mpango wako, ukiwa na bahati.

Nyie mlilala "mbele yake". Mbele ya wapi? Kama ni upande wanakoingilia, basi kila kundi lilipita juu yenu kabla ya kufika kwenye dikoi, na mtu anayegeuza uso kumfuata ndege ni kitu cheupe kinachotembea. Wengi wanajificha katikati ya dikoi upepo ukiwa mgongoni, ndege anakuja uso kwa uso. Inafanya kazi, lakini mi naipenda ya pembeni zaidi, upepo unapiga ubavuni, ndege anaingia akipita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, macho yake yapo kwenye dikoi na sio kwako. Ubaya wake risasi ya pembeni ni ngumu kidogo kwa anayejifunza. Vyovyote vile, maficho mapya ya dukani yanang'aa na rangi yake haifanani na shamba lolote duniani, yapakeni matope siku moja kabla, yakauke, halafu jazeni mabua ya shamba hilohilo mpaka mwenzako akisimama hatua 30 asijue mlango uko wapi. Tena jua likichomoza angalieni vivuli, sanduku lililonyanyuka juu ya shamba tambarare linatoa kivuli kirefu cheusi. Kama ardhi inaruhusu chimbieni kidogo, kwa idhini ya mwenye shamba lakini, sio mnamwachia mashimo avunje trekta.

Mngekuwa na dikoi kumi na mbili tu, kavu, kwenye shamba la jirani, mmejificha vizuri, mngerudi na nyama mapema. Usiongeze hata moja mwaka huu. Na filimbi mwambie shemeji apunguze.

Anko mambo, mi nipo Fargo, nakaa apatimenti ghorofa ya pili na gari langu ni sedani. Nataka kuanza, kila video naona watu na trela zima la dikoi. Ninunue nini kwanza na ngapi? Hela sio nyingi.

Poa mdogo wangu. Nunua za bapa, zile zilizochorwa kwenye ubao mwembamba wa plastiki na kijiti cha kuchomeka. Dazeni mbili zinakaa kwenye begi moja la begani na zinaingia chini ya kitanda. Watu wanazidharau kwa sababu ukizitazama kwa mbele hazipo, lakini hiyo ndo faida yake, ndege anapozunguka juu zinatokea na kupotea, zinatokea na kupotea, anaona kama kundi linatembea. Sharti usizigeuzie zote upande mmoja, ukifanya hivyo kuna pembe moja angani shamba lako linakuwa tupu ghafla, na hakuna bukini anayependa wenzake kuyeyuka. Baadaye ukipata hela ongeza nusu dazeni za mwili mzima uziweke kandokando ya uwanja wa kutua, pale ndo ndege anatazama kwa karibu mwisho.

Idadi inategemea mwezi. Septemba bukini ni wa hapahapa, wako kifamilia, ukiweka dazeni moja au mbili inatosha, na hawajapigwa bado kwa hiyo hawana wasiwasi. Wageni wa kutoka kaskazini wakishashuka na baridi ikakaza wanakula kwa makundi makubwa, hapo dazeni mbili zinaonekana pungufu, ila pia wameshaona kila aina ya mpango kutoka Manitoba, Kanada, mpaka kwako, na wakati mwingine kuweka sita tu shamba zima wakati majirani wameweka mia ndo kunawalainisha. Siku za baridi kali sana bukini hulala chini kufunika miguu, kwa hiyo za ganda, zile zisizo na miguu zinazokaa kifudifudi, zinafaa kuliko zenye miguu. Nazo zinapangana kama mabakuli, nyepesi. Nunua mitumba mwezi wa pili au wa tatu msimu ukiisha, wake za watu wanakuwa wamechoka na gereji zilivyojaa.

Habari anko, hiyo bendera nyeusi ya kijiti inapungwaje? Mi nikipunga wanakuja, halafu wakifika wanaondoka.

Unapunga mpaka lini? Nahisi mpaka wamefika. Bendera ni ya mbali, kundi lipo kama nukta nukta angani hawajaiona shamba yako, unaipandisha juu ya kichwa unaishusha kwa mtetemo, kama bukini anayetua na kupiga mabawa mara tatu nne, unairudia sehemu mbili tofauti kama mko wawili. Wakigeuka na kuanza kuja, punguza, piga chini chini karibu na ardhi kana kwamba mmoja ananyoosha bawa. Wakishaacha kupiga mabawa wakawa wanateleza kuja kwako, bendera chini ya mwili na usiiguse tena, isipokuwa wameanza kupinda kwenda pembeni, hapo mtikisiko mmoja mfupi unaweza kuwarudisha. Filimbi nayo kanuni hiyohiyo, wape sauti wanapoonyesha mkia, nyamaza wanapoonyesha kifua. Anayepuliza mfululizo kwa sababu kainunua ghali anajifurahisha mwenyewe.

Anko, mwenzangu anasema tumwage debe moja la mahindi katikati ya dikoi, ndege watulie. Si shamba lenyewe lilikuwa la mahindi, nani atajua? Na je kuweka simu na spika inayolia sauti ya bukini?

Usithubutu. Naongea na we wa Marekani hapa. Tangu 1935 sheria ya shirikisho imekataza kuwinda ndege hawa juu ya chambo, na mwaka huohuo ndo walipiga marufuku kutumia bukini hai waliofungwa kamba mguuni kuwaita wenzao, na pia bunduki isibebe risasi zaidi ya tatu kwa pamoja. Zamani watu walikuwa na makundi mazima ya bukini wa kufuga kwa kazi hiyo, walipokatazwa wakawaachia, na baadhi ya hawa wanaochafua viwanja vya gofu leo ni vizazi vyao, lakini hayo ni mengine.

Shamba lililovunwa kawaida na punje zikadondoka zenyewe halina shida, winda. Ukimwaga punje moja kwa mkono umetengeneza eneo la chambo, na hata ukija ukafagia zote, eneo linahesabiwa hivyo siku 10 zaidi baada ya kuondolewa. Kulima au kulaza mahindi ambayo hayajavunwa ili ndege waingie ni kosa pia. Na usijitetee kwamba hukujua, ukipaswa kujua inatosha, kwa hiyo ukipewa shamba na mtu muulize waziwazi kama kuna aliyemwaga kitu. Askari wa wanyamapori wanatembea na kukagua, wanajua punje ya mashine na punje ya ndoo.

Spika hapana, kwa bukini wa Kanada tumia mdomo wako na filimbi, isipokuwa jimbo lako limeiruhusu waziwazi kwenye msimu wao wa Septemba. Kuna ruhusa maalumu kwa bukini weupe, nitaieleza swali linalofuata. Kwa vile umenifungulia mlango wa sheria nikumbushe na haya: leseni ya jimbo lako, usajili wa HIP, ule mpango wa kukadiria ndege wanaohama wanaopigwa kila msimu, na stempu ya shirikisho ya dola 25 kwa kila mwenye miaka 16 kwenda juu. Marisau ya madini ya risasi (lead) yamekatazwa kwa bata na bukini nchi nzima tangu 1991, tumia ya chuma, saizi BB au namba 2, na usipige zaidi ya yadi 40. Minnesota kama umezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 wanataka cheti cha usalama wa bunduki kabla ya leseni. Na wewe uliye na viza ya muda, sio kadi ya kijani, usiguse bunduki ya mtu kabla hujauliza mwanasheria, hilo sio la kubahatisha.

Kaka, nipo Saskatoon, Kanada, nimetokea Bukavu. Huku bukini weupe wanapita kama theluji inayopanda juu badala ya kushuka. Jamaa wanaweka dikoi elfu na zaidi! Mtu mmoja anaweza kweli?

Karibu ndugu yangu. Elfu sio chumvi, bukini weupe wanatembea kwa maelfu na ukiweka dazeni tatu wanapita juu huko hata hawainami. Na ni wajanja mno, wengine wanaishi zaidi ya miaka 20, kila mwaka wanapigwa kuanzia huko kwenu mpaka mashamba ya mpunga ya Arkansas na Texas, kwa hiyo mzee mmoja anayeongoza kundi ameshaona dikoi nyingi kuliko muuzaji wa dukani.

Unachotaka wewe ni watoto. Wale wa kijivu waliozaliwa mwaka huo hawana akili bado, mwaka ambao walitotoa wengi kule Aktiki uwindaji unakuwa mtamu, mwaka ambao theluji ilichelewa kuyeyuka kule unakuta karibu wote weupe watupu na unarudi mikono mitupu. Sasa kwa mtu mmoja: zile za mfuko wa kitambaa kwenye kijiti, upepo unaingia mdomoni unauvimbisha unatingishika, nyepesi, mia mbili zinaingia kwenye mifuko michache, mtu mmoja unazichomeka ila utatoka jasho. Zinataka upepo, siku ya utulivu zinaning'inia kama soksi. Changanya na za kijivu kidogo. Zamani wawindaji wa Texas walikuwa wanatandaza nepi nyeupe na vitambaa vya meza vya plastiki juu ya mabua ya mpunga, na ndege walishuka, kwa hiyo usidhani lazima kitu cha bei. Bora zaidi jiungeni watatu wanne mchangie.

Ile ruhusa niliyoitaja: hawa ndege wamezidi mpaka wanaing'oa mizizi ya nyasi pwani ya Hudson Bay na kuacha udongo mtupu wa chumvi, kwa hiyo Marekani tangu 1999 ina kipindi maalumu cha kuwapunguza ambapo sauti za kielektroniki zinaruhusiwa na bunduki haina kikomo cha risasi tatu. Huko Kanada nako kuna msimu wa masika kwa ajili yao, lakini vipengele vinatofautiana kwa mkoa, soma kijitabu cha mwaka huu na sio cha rafiki yako.

Assalaam aleikum anko. Niko Columbus, Ohio. Bukini aliyepigwa kwa marisau ni halali? Na tukimchinja tukakata kichwa askari hatasumbua?

Waaleikum salaam. Bismillah wakati wa kufyatua, na ukimfikia yuko hai mchinje haraka, hapo hakuna anayebishana. Aliyekufa kabla hujafika, masheikh wana maelezo tofauti kuhusu marisau, kama yamepenya au yamemuua kwa kishindo, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya msimu na sio mkiwa jikoni. Kwa hiyo dikoi zinakusaidia mara mbili: ndege aliyeingia kwenye uwanja wa yadi 20 anaanguka karibu, unamfikia mapema, tofauti na yule wa kubahatisha angani anayeenda kuangukia ng'ambo ya mto.

Kuhusu askari, sheria inataka kichwa AU bawa moja lenye manyoya yote libaki kwenye ndege mpaka umfikishe nyumbani, ili ijulikane ni aina gani. We chinja, acha bawa. Vaa glovu ukisafisha, homa ya mafua ya ndege ipo tangu 2022, na ukimkuta bukini anayumbayumba au kafa mwenyewe kando ya maji usimbebe.

Anko niko Naivasha. Bata wa Misri wanamaliza ngano yangu. Hizi dikoi naweza kuzipata wapi ili niwavute nipige?

Kenya uwindaji ulifungwa 1977 ndugu, usije ukajitafutia kesi kwa ajili ya bata. Weka mtu wa kugonga debe tupu alfajiri na jioni, tepe zinazomeremeta, na ripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori, ofisi ya karibu. Dikoi zenyewe zingekuletea wengine zaidi.

Anko, kwenye mnada wa vitu vya gereji huku Maryland nimenunua bukini wa mti, mzee, rangi imebanduka, shingo ina ufa. Nimpake rangi mpya nimtumie shambani?

Weka brashi chini! Weka chini kabisa, halafu uendelee kusoma.

Uko Maryland, ghuba ya Chesapeake, watu wa huko walichonga dikoi za mierezi kwa vizazi, mji wa Havre de Grace unajiita makao makuu ya dikoi duniani na una makumbusho yake, na kule Crisfield walikuwepo wale ndugu wawili wa ukoo wa Ward, vinyozi, kati ya kichwa na kichwa wanachonga bata. Leo vitu hivyo vinauzwa kama picha za wachoraji wakubwa. Mwaka 2007 dikoi mbili za Elmer Crowell wa East Harwich, Massachusetts, ziliuzwa dola milioni 1.13 kila moja, na moja kati ya hizo ni bukini wa Kanada aliyelala. Mti na rangi! Sisemi wako ni huyo, uwezekano mkubwa ni wa dola chache, lakini rangi ya awali iliyobanduka ina thamani kuliko rangi mpya nzuri, na ukishapaka hairudi.

Ufundi wenyewe ni wa kale kuliko wazungu. Pango la Lovelock huko Nevada mwaka 1924 walikuta dikoi 11 za bata zilizosukwa kwa matete, zina umri wa kama miaka elfu mbili, nyingine bado zina manyoya. Na Wakri, wenyeji wa asili wa James Bay huko Kanada, mpaka leo wanasuka bukini kwa vijiti vya mti wa tamaraki, wakati mwingine wanainua donge la tope tu na kuchomeka bawa, ndege anashuka, kwa hiyo tuliotumia mshahara kwenye plastiki tunyamaze kidogo.

Mgeuze tumbo juu. Tafuta chapa iliyochomwa kwa moto, herufi za jina, au muhuri wa mviringo, Crowell alikuwa na wa duaradufu. Lakini herufi zilizokatwa kwa kisu mara nyingi ni za mwenye mali na sio za mchongaji, wawindaji walikuwa wanaweka alama wasiibiane. Angalia kama kuna kipande cha madini ya risasi cha kuongeza uzito kimepigiliwa chini na tundu la kamba, hiyo inaonyesha alielea majini kweli, hakuchongwa kwa ajili ya mapambo ya kabati. Usimwoshe kwa sabuni, usijaze ule ufa kwa gundi, usimweke karibu na hita. Mpige picha juu, chini na pande zote mbili, mpeleke pale makumbusho wamtazame au wasiliana na nyumba ya mnada inayoshughulika na dikoi, na ukisikia bei usimuuzie mtu wa kwanza. Shambani mwaka huu nenda na za bapa.